Maswali ya Wasomaji: Kayaki ya kukunja, treni ya Hamburg na Ziwa Kivu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Goma, ninaishi Hamburg na mume wangu. Gari hatuna, na nyumba yetu iko ghorofa ya nne bila lifti. Kila kiangazi tunakodi kayaki kwenye maziwa ya Mecklenburg na kulala kwenye hema. Sasa tunataka ya kwetu wenyewe, ya kukunja, twende nayo kwa treni, na mwezi wa saba twende nayo Rwanda. Mama yangu anaishi Gisenyi siku hizi, nami nataka mume wangu alione Ziwa Kivu akiwa majini. Tumeona za plastiki yenye mikunjo, za fremu na turubai, na za kujaza upepo. Tuna euro 1,500. Tununue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Katika barua yako yote, yaliyonisaidia zaidi ni mambo mawili: hamna gari, na mnakaa ghorofa ya nne. Kayaki ya kukunja maisha yake mengi inayamaliza ndani ya begi. Kwa hiyo kabla hujauliza inakwenda kasi gani, uliza begi lina kilo ngapi, lina urefu gani, na ni nani atakayelipandisha ngazi Jumapili usiku mkirudi mmechoka. Mimi nimezaliwa Pangani, nimekulia kwenye mitumbwi na ngalawa, na tangu nihamie Berlin nasafiri na kayaki ya fremu kwa treni. Nimeona vyombo vizuri sana vikizeeka stoo kwa sababu wenyewe hawawezi kuvibeba.

Tuanze na hizo za mikunjo. Inayojulikana zaidi ni Oru, iliyoanzia San Francisco, bati moja la plastiki ngumu lenye mikunjo, ukilifunga linakuwa sanduku. Mojawapo ya ndogo zake, Inlet, ina kilo tisa hivi, na mtu aliyeizoea huiweka tayari kwa dakika chache. Kwa mtu mmoja anayekaa karibu na ziwa tulivu, naisifu. Kwenu nyinyi ina kasoro mbili. Ya kwanza, mko wawili, itabidi mnunue mbili. Ya pili ni ndege. Mashirika mengi yanapokea begi la kilo 23 ambalo urefu, upana na kimo chake ukivijumlisha havizidi sentimita 158. Sanduku la Inlet peke yake lina urefu wa mita moja hivi, na ukijumlisha pande zote unapita kiwango. Uzito unaruhusiwa, ukubwa unakataliwa, na mzigo wenye ukubwa kupita kiasi hulipiwa, kwenda na kurudi.

Za kujaza upepo ni rahisi, nyingine hazifiki hata euro 500, na begi lake halisumbui. Tatizo lake ni kwamba zinaelea juu juu, hazina uzito, na upepo ukivuma unazipeleka unakotaka wenyewe. Kwenye mifereji na vile viziwa vidogo vinavyoungana huko Mecklenburg zinatosha. Lakini ziwa Müritz la hukohuko si kiziwa: lina kilomita za mraba 117, ndilo kubwa kuliko maziwa yote yaliyo ndani ya Ujerumani peke yake, na likichafuka mawimbi yake ni mafupi na ya kugongana. Huko sikuruhusu uende na puto. Kivu nako upepo huwa unaamka mchana.

Zimebaki za fremu, na ndizo ninazokushauri, ya watu wawili. Uko kwenye nchi yake. Mwanafunzi wa usanifu majengo wa Munich, Alfred Heurich, aliunda yake mwaka 1905; fundi cherehani wa Rosenheim, Johann Klepper, akanunua haki ya kuitengeneza na kuanza kuiuza mwaka 1907. Kiunzi ni cha mbao au mirija ya alumini, ngozi yake chini ni raba na juu ni turubai, na kwenye nyingi pembeni kuna mirija ya hewa inayoikaza ngozi na kuifanya ielee hata ikijaa maji. Daktari Mjerumani Hannes Lindemann alivuka Atlantiki peke yake kwenye kayaki ya namna hii mwaka 1956, siku 72 kutoka visiwa vya Canary hadi Karibi. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amevuka bahari hiyohiyo kwa mtumbwi wa gogo kutoka Afrika Magharibi, na mimi mtu wa Pangani jambo hilo hunipa furaha kila nikilikumbuka. Usimuige. Nimelitaja ujue kwamba turubai na mbao si mchezo wa watoto.

Kayaki hizo za watu wawili zina kilo thelathini na kitu. Usishtuke: zinagawanyika mabegi mawili au matatu, kila mmoja wenu anabeba lake, na kila begi linaweza kubaki chini ya kilo 23. Mpya inapita bajeti yako kwa mbali. Tafuta ya mkono wa pili, Ujerumani zimejaa, nyingi zimerithiwa kutoka kwa wazee na watoto hawazitaki. Ukikutana na Folbot ya Marekani au Feathercraft ya Kanada, ni vyombo vizuri, ila viwanda hivyo viliacha kuzitengeneza na vipuri utavihangaikia.

Sasa nisikilize vizuri. Usilipe hata senti kabla muuzaji hajaifungua begi na kuiunga mbele ya macho yako, yeye mwenyewe kwa mikono yake. Akisema hana muda, muage kwa heri. Atatandaza ngozi chini, aingize nusu ya omo, yaani mbele, kisha nusu ya tezi, yaani nyuma. Katikati zile nusu mbili zitakutana zikiwa zimeinuka, naye atazikandamiza mpaka mkuku, ule uti wa chini, ulale na komeo lijifunge. Hapo ndipo pa kutazama. Zikigoma kulala, akaanza kupanda kwa magoti na kutoa jasho, ngozi imesinyaa. Wewe ukiwa ufukweni na mikono yenye baridi hutaiweza. Piga magoti uangalie mataruma, zile mbavu za chombo, yanapokutana na vyuma: mbao ikiwa nyeusi na ukucha unazama, imeoza. Kisha ibinye raba ya chini kati ya kidole gumba na cha shahada, uikunje kidogo. Ikibaki laini, vizuri. Ukiona vinyufa vidogo vimefunguka kwenye kunjo, raba imekufa, na kiraka hakitashika juu ya raba iliyokufa. Ingiza pua mle ndani. Harufu ya turubai kuukuu haina neno. Harufu ya ukungu ina neno. Mwisho mwambie ajaze ile mirija ya hewa, mkanywe chai, mrudi baada ya nusu saa muibonyeze. Ikiwa bado ngumu, anzeni kupatana bei.

Usiache euro zote 1,500 kwa muuzaji. Weka 300 pembeni kwa jaketi okozi mbili zinazowakaa sawasawa, mifuko isiyoingiza maji, viraka na gundi yake. Na kwenye njia za maji za serikali huko Ujerumani chombo kisicho na injini hakidaiwi namba, lakini lazima kiwe na jina kwa nje, na ndani jina na anwani ya mwenyewe. Andikeni kabla hamjaenda Waren, mji ulio kando ya Müritz. Treni inafika hapohapo mjini, na kutoka stesheni hadi ziwani mnatembea kwa miguu.

Kivu umechagua vyema. Linajulikana kwa kutokuwa na mamba wala viboko, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu Tanganyika au Victoria, na njia ya majini kutoka Rubavu, wilaya ya Gisenyi, kwenda Karongi ina visiwa na ghuba za kupumzikia. Mwezi wa saba ni kiangazi. Ingieni majini alfajiri, mtoke kabla upepo wa mchana haujakaza. Jioni waachieni ziwa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu: hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, nyavu na taa, na kayaki nyeusi gizani hawaioni. Msivuke kwenda upande wa Kongo kwa majini. Najua ni kwenu na inauma kukitazama kilima cha nyumbani ukiwa ng'ambo, lakini mpaka uko katikati ya ziwa na kayaki haina kituo cha uhamiaji.

Kuhusu hema, wewe mtu wa Goma neno mazuku umelisikia tangu utotoni, mume wako hajalisikia. Mweleze. Ile hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama kwenye mabonde na mashimo, haionekani, na inaua watu na wanyama waliolala. Kaskazini ya ziwa msipige hema kwenye bonde hata likiwa limekingwa upepo vizuri namna gani. Pandeni mwinuko, na waulizeni wenyeji wa pale wanalaza wapi mbuzi wao.

Jambo dogo la kumalizia: msifungashe kayaki kwa mifuko ya plastiki. Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008, na uwanja wa ndege wa Kigali watawaondolea. Shoneni mifuko ya kitambaa. Halafu kwenye basi la Kigali kwenda Rubavu fikeni mapema mpatane na kondakta juu ya mabegi kabla abiria hawajajaa. Msalimie mama.

SWALI: Mzee, mimi ni kijana wa Mwanza. Binamu yangu aliye Uholanzi anataka kuninunulia kayaki ya kukunja nikapige nayo kambi visiwani, mpaka Ukerewe. Nikubali?

JIBU: Mshukuru binamu yako, kisha mwombe hiyo pesa akutumie. Wewe unakaa ukingoni mwa maji. Huna ndege ya kupanda wala ngazi ya kupandisha, sasa ya nini kulipia mikunjo? Kwa gharama hiyo fundi wa mitumbwi wa hapohapo atakuundia chombo cha mbao kinachojua mawimbi ya kwenu, na kikipasuka ataziba yeye mwenyewe kesho yake.

Ukerewe nakukataza, kwa chombo chochote cha kasia na ukiwa peke yako. Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,000 na ngurumo zake hupenda kuja usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo mpiga kambi anafikiri ziwa limelala. Anza ndani ya Ghuba ya Mwanza, karibu na nchi kavu, mkiwa vyombo viwili, jaketi okozi mwilini, siyo chini ya kiti. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilize, na baada ya utabiri msikilize mvuvi mzee wa mwalo, ufuko wa wavuvi, unaotokea. Akikwambia leo hapana, rudi nyumbani. Usipite katikati ya matete kutafuta kivuli, ndiko mamba aliko, na ndiko konokono wa kichocho walipo. Ukishakanyaga maji ya namna hiyo mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapime, dawa ipo na inafanya kazi.

SWALI: Mzee wetu, nina kayaki ya fremu ya alumini hapa Mombasa. Niliiacha imeungwa tangu Ramadhani na sasa mirija imeng'ang'aniana, haitoki. Nifanyeje?

JIBU: Usiipige nyundo, mwanangu. Mrija ukibonyea hautaingia tena mahali pake. Kilichoushika ni chumvi iliyokauka na kutu nyeupe ya alumini katikati ya maungio. Loweka kila kiungo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mimina tena baada ya saa chache, fanya hivyo siku nzima na usiku uviringishe tambara lililolowa. Kisha mshike mtu mwingine: mmoja azuie, mwingine azungushe kulia na kushoto huku anavuta. Kuzungusha ndiko kunakovunja ile kutu, kuvuta peke yake hakutoshi. Kikigoma, mwagia maji ya moto mrija wa nje tu, utanuke kidogo, kisha zungusha upesi kabla haujapoa.

Ikishatoka, sugua ncha kwa brashi ya nailoni, suuza, anika kivulini, na upake grisi ya silikoni kidogo sana kila unapounga. Kwa joto na chumvi ya pwani isikae imeungwa zaidi ya wiki mbili. Ngozi usiikaze kwenye begi ikiwa na unyevu. Iache imelegea juu ya rafu, mbali na panya.

Na kama baada ya yote hayo kuna kiungo kimoja kimekataa kabisa, kipeleke kwa fundi baiskeli. Nguzo za viti za alumini zinamgandia kila siku, ana mafuta ya kupenyeza na ana mikono iliyozoea kazi hiyo. Mwambie tu asitumie koleo lenye meno.