Plagi za Forester ya turbo iliyopandishwa busti

Kaka, kwa Subaru Forester ya turbo uliyoipandisha busti (shinikizo la hewa ya turbo) na bado unaweka petroli ya kituoni, toka plagi za NGK namba 6 nenda namba 7, namba ya kiwango cha joto cha plagi. NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka. Bosch ni kinyume, na hapo ndipo wengi hununua vibaya. Usiruke hadi 8 kama unazunguka mjini tu, itashika masizi.

Mwanya, nafasi cheche inaporuka kwenye ncha ya plagi, weka milimita 0.7 hivi. Ukiwa mpana, busti ikijaa cheche inazimika na injini inakatakata. Pima hata plagi mpya za boksi, ila za iridiamu taratibu, ncha yake huvunjika.

Na injini ikigonga (mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda), tafadhali punguza busti kwanza. Plagi pekee haziokoi pistoni.