Majina Manne kwenye Karatasi

Ndugu Mhariri,

Juma hili mmetuuliza: bendi hufa kwa sababu gani, na ile inayodumu hudumishwa na nini? Nilipiga gitaa la rizimu Kampala kwa miaka sita, katika bendi ya vijana wanne wa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mmoja Mlugbara, mmoja Mkakwa, wawili Wanubi, na mazoezini tulielewana kwa Kiswahili.

Watu hudhani bendi huuawa na njaa. Njaa tuliizoea. Tulikuwa tukipiga kwenye baa moja Kabalagala kwa shilingi laki mbili usiku mzima. Ukitoa mafuta ya jenereta, kodi ya spika na nauli ya bodaboda, zilizobaki tuligawana sawa, tukala rolex moja, chapati iliyoviringishiwa mayai, watu wawili, na kesho yake wote wanne tulikuwa mazoezini. Kilichotuua ni karatasi.

Lakini kwanza niwataje walionifanya nishike gitaa: bendi ya roki ya R.E.M. ya Marekani. Kanda yao niliipata kwa mjomba, dereva wa lori la misaada, ambaye naye aliachiwa na Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mpiga gitaa wao, Peter Buck, alikuwa akizidonoa nyuzi moja moja, na sisi tuliokulia kwenye sebene la Wakongo hatukuona ugeni wowote. Maneno ya mwimbaji, Michael Stipe, hatukuyashika, na baadaye nikasikia kwamba hata Wamarekani wenyewe yaliwapa tabu.

Walianzia Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia. Mara ya kwanza kupiga mbele ya watu ilikuwa tarehe 5 Aprili 1980, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa kuukuu. Mwaka 1981 walitoa wimbo kwa lebo, yaani kampuni ya kurekodi, ndogo kabisa, na mwaka 1983 albamu yao ya kwanza, Murmur, kwa lebo ya I.R.S. Wahakiki wa jarida la Rolling Stone waliichagua kuwa albamu ya mwaka, mwaka ambao dunia nzima ilikuwa inacheza Thriller ya Michael Jackson. Hata hivyo hawakukimbilia kampuni kubwa. Walitoa albamu 5 na I.R.S., huku wakizunguka mji kwa mji, ndipo wakahamia Warner mwaka 1988. Mwaka 1996 walisaini mkataba mpya ambao magazeti yaliutaja kuwa wa dola milioni 80.

Sasa jibu langu. Tangu siku za gari bovu hadi siku za mamilioni, nyimbo walizotunga ziliandikwa majina manne ya wanabendi wote: Berry, Buck, Mills, Stipe. Hawakuuliza nani kaleta maneno, nani kaleta mdundo. Fedha za utunzi ziligawanywa mafungu manne. Mwaka 1995 mpiga ngoma wao, Bill Berry, alipasuka mshipa wa ubongo akiwa jukwaani Uswisi. Alipona, lakini mwaka 1997 aliomba kuondoka, na aliwaambia wenzake kwamba kama kuondoka kwake kutaivunja bendi, basi atabaki. Watatu waliendelea hadi mwaka 2011, wakaachana bila kesi.

Hapa kwetu Uganda mtakuwa mmeshaitaja bendi ya Afrigo, na mna haki. Ipo tangu 1975, imevuka miaka ya Amin na vita vilivyofuata, na Moses Matovu amezeeka na saksafoni yake mdomoni. Waimbaji wameingia na kutoka. Rachael Magoola aliingia hata bungeni mwaka 2021. Jina la bendi limebaki kubwa kuliko la mtu yeyote ndani yake.

Kwetu haikuwa hivyo, na mkosaji ni mimi. Wimbo wetu mmoja ulipendwa. Mdundo aliuleta mpiga ngoma, akiugonga kwa vidole juu ya jerikani usiku umeme ulipokatika. Mwenzetu wa besi akaufuata, mwimbaji akatafuta sauti, mimi nikaandika maneno. Siku ya kuusajili nilikwenda peke yangu, nikajaza jina moja. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inatambua kazi iliyotungwa na watu kwa pamoja. Hakuna aliyenizuia kuandika manne. Nilijiambia maneno ndiyo wimbo. Kampuni moja ilipoununua uwe mlio wa simu, zikaja shilingi milioni tatu, nikawaita wenzangu nikampa kila mmoja laki mbili. Nikasema ni zawadi.

Mpiga ngoma alizihesabu, akaziweka juu ya spika, akauliza, “Zawadi ya nini, kaka?” Wiki hiyo hakuja mazoezini. Mwezi haukuisha, bendi ikawa haipo.

Juni 2024 wale wanne wa R.E.M. walisimama tena pamoja New York, wakapiga wimbo mmoja, Berry akiwemo. Niliitazama video hiyo kwenye simu mara nyingi. Swali lenu lilipotoka nikampigia mpiga ngoma wetu, ambaye sasa anauza mbao Koboko. Nimemwambia naenda kuubadilisha usajili, majina yawe manne, na fungu lake la zile milioni tatu namtumia kwa awamu hadi liishe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado naukumbuka mdundo. Akaanza kuugonga juu ya mbao.