Kupiga gitaa kwenye nyumba za wazee Marekani: hela ipo, ila kuna vitu sikuambiwa

Mkuu umeuliza kama ni kweli nyumba za wazee huku Marekani zinamlipa mtu wa gitaa, upige nini, na kama nyimbo za nyumbani zinaingia. Mimi niko Massachusetts, nilianza kama CNA, yaani msaidizi wa manesi, naogesha wazee na kuwalisha, gitaa la siku za off tu, sasa mwaka wa sita nazunguka nalo kwenye nyumba kama nane hivi, ngoja nikupe niliyoyaona.

Hela kwanza maana najua ndo unachotaka. Zinalipa ila usiache kazi. Nyumba zinazopokea hela za Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali, zinabanwa na sheria ziwe na programu ya shughuli za wazee, kwa hiyo kuna mtu kaajiriwa kwa hilo na ana kibajeti chake, huyo ndo wa kumtafuta, achana na meneja. Nilipiga bure mara mbili, nikaanza na dola 75 kwa saa, siku hizi nachukua 125. Utajaza fomu ya W-9, ile ya mambo ya kodi, halafu cheki inakuja wiki ya tatu ya nne huko, sehemu moja tulisumbuana miezi mitatu mpaka nikawasamehe. Shoo za Disemba piga simu Septemba.

Sasa nyimbo, hapa ndo niliaibika. Shoo ya kwanza nilijua mzee ni mzee tu, nikakariri nyimbo za enzi za vita vya pili vya dunia, wiki mbili nzima nafanya mazoezi mpaka jirani kagonga ukuta. Nikapiga tatu hivi, bibi mmoja wa mbele kabisa, lipstiki nyekundu, kucha zimepakwa safi, kanyoosha mkono kama yuko darasani. Akaniuliza, kijana, unadhani mimi nina miaka mingapi? Nikabaki kimya. Akasema nimezaliwa 1942, vita inaisha nina miaka mitatu, hizo ni nyimbo za mama yangu. Watu wakacheka mpaka nesi aliyekuwa anagawa dawa akasimama.

Nimerudi nyumbani nikapiga hesabu. Elvis anatokea kwenye shoo ya Ed Sullivan, ya kwenye TV, Septemba 1956, bibi ana miaka 14. Beatles wanatokea kwenye shoo hiyohiyo Februari 1964, ana 21 au 22. Kumbe nilikuwa nampigia nyimbo za vita mtu wa rokenroli! Tangu hapo nachukua mwaka wa kuzaliwa najumlisha 15 mpaka 25, muziki wa mtu mara nyingi umelala humo. Ni sawa na mama yako wa miaka 60 aliyekulia kwenye Sikinde na Msondo wewe unampelekea nyimbo za bibi yake, atakuangalia tu.

Kii, yaani urefu wa sauti ya wimbo, shusha. Sauti za uzeeni hazifiki juu kama zamani, hasa za kina mama, mimi natoa nusutoni mbili au tatu kutoka kwenye rekodi na naenda taratibu, ukibaki kwenye kii ya rekodi utaimba peke yako. Na usifungulie spika kama uko baa, mtu mwenye shida ya kusikia ukimzidishia sauti humsaidii, inamuumiza. Nilinunua spika ya betri maana waya sakafuni na wale wanaotembelea fremu ni kuomba kesi. Muda mzuri ni saa nne asubuhi au saa nane mchana. Ukianza saa kumi jioni wenye demenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wengi wanakuwa washaanza kuhangaika, huyu anataka kwenda kwake, yule anatafuta koti akawapokee watoto shule, watoto wenyewe ni wastaafu.

Makofi usiyategemee, mwingine mkono mmoja haufanyi kazi. Kuna babu alilala saa nzima mdomo wazi, nikasononeka, dada mmoja CNA wa Haiti akanionyesha kwa kidevu chini ya kiti, kidole gumba kinapiga mdundo ndani ya soksi, na hakupitwa hata na lile badiliko la katikati ya wimbo. Na usishangae mtu hajui jina la mwanae ila beti zote anazo, mwimbaji Tony Bennett mwenyewe aligundulika na Alzheimer's, aina ya demenshia, 2016 na Agosti 2021, miaka 95, akaimba Radio City Music Hall, ukumbi mkubwa wa New York. Wakiomba wimbo uleule mara nne piga mara nne.

Kurekodi wazee na simu sahau kabisa, ni faragha yao, utafungiwa geti. Na ukikuta kiti cha mtu kitupu usiulize mbele ya wenzake kaenda wapi.

Nyimbo zetu, ninayoiamini ni Malaika tu, kwa sababu mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte na Miriam Makeba wa Afrika Kusini waliiweka kwenye santuri yao ya 1965 na wapo wazee walikuwa nayo nyumbani. Niliipiga siku moja, babu mmoja mwalimu mstaafu akaimba na mimi mwanzo mwisho, kwa matamshi ya Makeba kabisa. Nafungasha vitu akaniita pembeni, kwa upole tu, akaniambia gitaa najitahidi ila Kiswahili changu nikifanyie kazi.