Kuziba Tundu la Bomba Lisilotumika Kwenye Msingi: Kwa Mafundi Wanaoanza

Wadogo zangu, kila masika yakikaribia nawaona tena mkikoroga karai moja la mota, mkilisokomeza kwenye tundu la bomba la zamani kwa upande wa chumbani, mkipiga lipu na kuaga. Mikono yenu ni mizuri na nawapenda, lakini kwa hili mnanikera, kwa sababu mvua ikinyesha ni mwenye nyumba anayelipa mara ya pili.

1. Hakikisheni kwanza kwamba bomba limekufa kweli. Fungueni chemba zote, mimineni maji, tazameni yanatokea wapi, na ulizeni kama kuna waya uliopitishwa humo.

2. Kipande cha bomba kilichobaki ndani ya ukuta kitoeni chote. Uso wa bomba la plastiki (PVC) ni laini mno, saruji haiushiki, na maji hupita kati ya bomba na mota hata kama mota yenyewe ni ngumu. Niliitwa katika nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam, ambako maji ya ardhini hayako mbali. Barabara ya mtaa ilikuwa imepandishwa, uwanja ukajazwa kifusi, na sakafu ikabaki chini kuliko nje. Bomba la inchi 4 la choo cha zamani lilikuwa limekatwa sawasawa na ukuta, likajazwa karatasi za mifuko ya saruji, kisha likafunikwa kwa mota yenye unene wa vidole viwili. Ukutani palionekana duara jembamba la unyevu, lenye ukubwa uleule wa bomba. Katikati ya duara pakavu kabisa, pembeni rangi imebambuka na lipu imevimba. Mama mwenye nyumba alikuwa akikausha sakafu kwa matambara kila usiku wa mvua, na kabati alilolisogeza lilikuwa limeshaliwa mchwa mgongoni. Nilipogonga kwa tindo, mota ilitoka nzima kama kifuniko cha sufuria, haikuwa imeshika popote. Nyuma yake karatasi zilikuwa zimelowa, mchwa wamejenga njia zao ndani yake, na harufu ya shimo la zamani ikatujia usoni, maana hata upande wa pili haukuwahi kuzibwa. Yule fundi hakukosa saruji wala nguvu. Alikosa subira ya nusu siku ya kulitoa bomba na kulifuata hadi shimoni. Nawaomba msiwafanyie watu hivi.

3. Tundu lichongwe liwe pana ndani kuliko mdomoni, ili kizibo kisiweze kusukumwa nje. Maji yaliyosimama mita 1 juu ya tundu la inchi 4 hulisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8. Si nyingi, lakini hazipumziki mchana wala usiku.

4. Ondoeni vumbi kwa brashi, kisha loweka ukuta wa zamani mpaka ushibe, bila kuacha maji yaliyotuama. Zege kavu hunyonya maji ya mota mpya, na mota iliyonyonywa hupungua na kuachia pembeni. Saruji moja kwa mchanga tatu, maji kidogo, na ishindiliwe tabaka kwa tabaka. Kama maji yanachuruzika tayari, tumieni saruji ya kushika haraka: kandeni tonge dogo, lisukumeni ndani na mlishikilie kwa kiganja mpaka ligande, jambo la dakika chache tu. Mkikanda ndoo nzima itawagandia mkononi, na sijui ni mara ngapi nimelisema hili.

5. Msizibe kwa povu la kopo, lile la kupulizia: hilo ni la kuzuia upepo. Panya hulitafuna, na maji yenye msukumo hulipita.

6. Kazi hasa iko nje, upande maji yanakotoka. Fukueni mpaka chini ya tundu, zibeni huko pia, mwagilieni kizibo kwa siku 7, kisha pakeni dawa ya kuzuia maji. Kabla ya kurudisha udongo, jazeni handaki maji na kuyaacha usiku kucha, asubuhi mguse ukuta wa ndani kwa kiganja. Gharama ya kufukua iandikeni kwenye makadirio tangu siku ya kwanza, maana mwenye nyumba akiisikia katikati ya kazi atawaambia mzibe ndani tu, nanyi mtakubali.