Muulize na dawa aliyoacha

Ukianza kazi kwenye dirisha la dawa, swali la kwanza utakalozoea ni "Unatumia dawa gani?" Kwa mgonjwa ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, swali hilo halitoshi.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa anaanza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Nilimuuliza anatumia nini, akanitajia zote, nikaandika. Hakunificha kitu. Siku kadhaa baadaye alirudi: kila akipiga mswaki fizi zinatoka damu. Akakunja mkono wa shati, nikaona michubuko ya zambarau ambayo hakumbuki alijigonga wapi. INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ilikuwa imepita 6, nasi tulitaka iwe kati ya 2 na 3. Ndipo binti yake akatoa mkobani pakiti tupu ya amiodaroni, dawa ya kupanga mapigo ya moyo. Baba alikuwa ameiacha wiki tano nyuma.

Amiodaroni hujikusanya kwenye mafuta ya mwili na kutoka taratibu mno. Kiasi kilichomo hupungua nusu kwa mwezi mmoja hadi miwili, na kwa wengine huchukua zaidi ya miezi mitatu. Muda wote huo inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja warfarini. Ndiyo maana zikitumika pamoja, daktari hupunguza warfarini kwa thuluthi moja hadi nusu, na INR hupimwa mara kwa mara kwa wiki nyingi, kwani athari yenyewe hupanda polepole. Amiodaroni ikiachwa, warfarini huhitaji kuongezwa tena, vilevile polepole.

Digoksini, dawa nyingine ya moyo, nayo hupanda kwenye damu ikikutana na amiodaroni. Mara nyingi dozi hukatwa nusu. Akiwa pia anameza furosemaidi, dawa ya kukojoza inayotoa potasiamu mwilini, uliza potasiamu ilipimwa lini, kwa sababu ikishuka, digoksini humdhuru hata kwa dozi ya kawaida. Mgonjwa wa digoksini akikwambia chakula kimemshinda na kila kitu anakiona cha njano, tafadhali usimpe dawa ya kichefuchefu ukamruhusu aende. Mpigie daktari wake hapo hapo.

Simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, isizidi miligramu 20 kwa siku pamoja na amiodaroni. Verapamili na dawa za jamii ya atenololi, ambazo zote hupunguza kasi ya moyo, zikikutana, moyo unaweza kwenda taratibu kupita kiasi.

Kwa anayetumia amiodaroni au sotaloli, nayo ya kupanga mapigo, cheti cha dawa chenye klarithromaisini, flukonazoli, haloperidoli au kwinini kisipite mikononi mwako kimya kimya. Zote zinaweza kurefusha muda wa QT, yaani muda ambao umeme wa moyo huchukua kufyatuka na kujirudisha tayari kwa pigo lijalo, na hapo moyo huweza kuingia kwenye mwendo wa hatari. Akisema alizimia juzi, hilo si la kusubiri kesho.

Lakini usimwambie mgonjwa aache dawa ya moyo kwa neno lako; zungumza na aliyeiandika.

Siku hizi nauliza hivi: "Ndani ya miezi sita hii, kuna dawa ya moyo uliyoacha au uliyobadilishiwa?" Kisha nasubiri. Wengi hukumbuka rangi ya kidonge kabla ya jina lake.