Kuku wangapi, au kuku wa nani?

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti la mama yako ndilo lile lile, na kusi limeanza kuvuma. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeniuliza kwenye kiwanja chenu cha Tunguu, huko Unguja, muanze na kuku wangapi, na banda mliweke upande gani ili bustani nayo ipate nafasi. Halafu ukapitisha haraka haraka, kama nisingesikia, kwamba kuna mtu yuko tayari kuwauzia vifaranga 50 vya chotara kwa mkupuo.

Idadi nitaifikia. Kwanza niambie hao kuku ni wa nani. Siulizi nani katoa pesa. Nauliza mbegu yao imetoka kwa tetea gani, na huyo tetea alipona nini mpaka akafika mikononi mwenu. Kuku wa mama yako ukimwuliza atakutajia: huyu mjukuu wa yule, yule alitoka Wingwi kwa bibi yako, amefungwa miguu kwenye kikapu, siku ya pili ya harusi yetu.

Na lile neno langu mnalolichekea nyote nitalisema tena: fungia mboga, usimfungie kuku. Mchicha hautembei, utakaa pale pale ulipoupanda. Kuku akitembea anajitafutia mchwa, panzi na punje zilizomwagika. Ukimfunga, kazi yake yote umejitwisha wewe. Nenda bandarini ukawaombe wavuvi nyavu kuukuu, zungushia bustani, na ule upindo wa chini uulaze ardhini uukandamize kwa mawe, maana kuku kabla hajaruka hujaribu kwanza kupenya chini. Mawe kwenu hayakosekani, nimeyaona kwenye picha.

Kwa nini nalishikilia neno hili, wewe unajua nusu. Nusu nyingine hukuwepo, ulikuwa darasa la 4 na unakaa Chake kwa shangazi yako kwa ajili ya skuli. Ulikuwa msimu mkubwa wa karafuu. Uwanja wote, tangu jikoni mpaka kwenye mfenesi, ulikuwa majamvi ya karafuu tu. Sisi tunachambua makonyo usiku kwa taa, asubuhi tunaanika, na kuku wa mama yako wanapita juu ya majamvi wanaparua, wanatawanya, na mengine usiniambie niyaandike. Nikachoka. Nikanunua mabati na miti, nikajenga banda siku tatu. Banda zuri, Wallahi. Watu walisimama njiani kulitazama. Nikawaingiza wote 34, usiku na mchana. Mama yako alisema, "Haya," basi. Unaijua "haya" yake.

Kisha kiburi kikanipanda. Niliona banda zuri namna ile linataka jogoo wa kulifaa, nikanunua kuchi gulioni, mrefu, miguu ya manjano, anatembea kama sheha. Nikamtia mle mle siku hiyo hiyo. Siku ya tano amejikunyata pembeni, mbawa zimeshuka, kinyesi cha kijani. Siku ya sita wapo wengine wanapumua midomo wazi, na mmoja shingo imempinda anatazama mgongo wake. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku. Mpaka wiki inakwisha nilikuwa nimechimba mashimo mawili nyuma ya choo, na banda langu zuri halikuwa na hata unyoya uliosimama.

Mama yako hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Asubuhi ya kwanza alikuna nazi, akakamua tui, akatoka na machicha mkononi kama kawaida yake, akafika mlangoni akasimama. Hana wa kumrushia. Akarudi ndani nayo. Mimi nilikuwa pale kwenye majamvi, nikainama nikajifanya nachambua makonyo.

Halafu, siku kama kumi baadaye, baada ya alasiri, namwona anatoka kwenye makuti makavu chini ya ule mlimau wa mpakani yule tetea kishingo mbaya, uliyekuwa ukimwita Bi Kilemba kwa vile shingo haina unyoya na kichwani ana kishungi. Tulikwisha kumhesabu kaliwa na ngawa tangu kabla ya banda. Kumbe alikuwa ameatamia. Nyuma yake vifaranga tisa. Anapita katikati ya karafuu zangu, anaparua kushoto na kulia, anawaita wanawe, na mimi nimekaa namtazama tu, sijamfukuza. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Kuku wote uliokula mayai yao tangu siku ile ni wa Bi Kilemba.

Sasa, mwenyewe najipinga. Banda halikuua kuku. Aliyewaua ni yule jogoo, na mimi niliyemwingiza bila kumtenga japo wiki mbili, na chanjo ya mdondo ambayo siku hizo sikuijali. Hata wangekuwa uwanjani wangekutana naye, wakanywea chombo kimoja. Hilo nalikubali. Lakini wangekutana naye mmoja mmoja, na pengine wangesalia wanne watano, si mmoja. Au wasingesalia. Mama yako anasema nimelibeba banda lile miaka yote hii kwa sababu ni jepesi kulibeba kuliko kumbeba jogoo.

Chanjo basi isikupite. Ni tone moja tu jichoni, kifaranga kwa mzee, na unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Umpe aliye mzima. Akishaanza kujikunyata tone halimsaidii kitu. Waulize maafisa wa mifugo wa hapo kwenu siku wanazochanja, mkakusanyike na majirani, maana kichupa kimoja kina matone mengi kuliko kuku wenu.

Na banda la kulala jenga. Sijasema usijenge. Dogo, limeinuliwa juu ya nguzo, kizingiti cha mlango kizito, na liwe chini ya dirisha lenu la chumbani ili ngawa akija mumsikie. Magharibi funga, alfajiri fungua. Umeniuliza upande gani, ndio huo: upande mnaolala.

Bustani ya Tunguu si ya huku kwetu, usije ukapanda kwa kukumbuka kinongo, udongo mzuri wa Pemba. Huko udongo umo mifukoni mwa mawe. Tafuta mifuko hiyo baada ya mvua, pale majani yanapobaki mabichi siku nyingi zaidi, na hapo ndipo pa kupanda, hata kama mistari haitanyooka. Migomba iwe yanapotokea maji ya bafuni. Tungule, yaani nyanya, usizihangaikie masika, mvua itazioza. Sia kitalu mvua zikielekea mwisho, upandikize kipupwe. Mchicha wiki nne unachuma. Mbolea ya kuku usiitie mbichi, inaunguza. Ichanganye na majani makavu, iache mpaka harufu iishe.

Chotara nao. Watataga zaidi, hilo sikatai, na pesa mtaiona mapema. Huyu wetu hutaga kumi na mbili, kumi na tano, kisha anakuachia kazi anakwenda kuatamia siku 21. Lakini ndiyo hiyo ninayoitaka mimi, tetea anayejua kuatamia na anayejua kumrukia mwewe. Hao wengi wao hawana haja ya kuatamia, na wakiisha mtarudi tena kwa yule aliyewauzia. Nyumba ni yenu, mwenzio naye ana rai yake. Sisemi msinunue. Nasema 50 kwa siku moja, kwa mtu aliyehamia juzi kama wewe, mimi nisingelala.

Ukinibana kwa idadi, matetea wanne na jogoo mmoja. Hapa wapo wawili wanaatamia chini ya ngazi, wote wa Bi Kilemba, na mmoja katoka kishingo mtupu kama bibi yake. Watoto wakitimiza miezi mitatu nitakuchagulia majike, nitawapeleka boti ya Mkoani kwenye tenga. Jogoo usichukue kwangu, ni ndugu zao. Mtafute huko, na utakapompata mtenge wiki mbili. Mtenge, mwanangu, hata akiwa mzuri vipi.

Mama yako ameisoma barua hii kabla sijaituma. Anakusalimu, na anasema hawakuwa 34. Walikuwa 37, bila ya kumhesabu kuchi.

Baba yako