Kabla hujauza kiwanja kwa ajili ya roboti ya mkono

Siku hizi ujumbe wa WhatsApp ninaoupata kutoka nyumbani ni wa aina moja: mzee kapata kiharusi, mkono umepooza, tumesikia India kuna roboti inayoufufua. Mumeo si aliitumia huko Uingereza? Tuuze kiwanja au tusiuze?

Kwanza muijue mashine yenyewe. Haitibu kwa umeme wala kwa miale. Mgonjwa anakaa mezani, mkono unafungwa mikanda kwenye kishikio, mbele yake kuna skrini yenye vidoti vilivyozunguka duara. Kidoti kikiwaka, anaupeleka mkono pale. Akishindwa, mashine inamsukuma taratibu, akijitahidi, inamwachia. Roboti za namna hii zilianza kubuniwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1989. Sifa yake kubwa ni kwamba haichoki: mkono unakwenda na kurudi mamia ya mara kwa kikao kimoja, na ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia.

Mume wangu, Baba Neema, aliipenda kwa sababu inatoa alama. Mtu mzima, lakini alama zikipanda anacheka kama mtoto! Ila alikuwa akiinamisha kifua kukifuata kidoti, kiwiko kimekunjwa vilevile. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamfunga mkanda kifuani, mgongo ukabaki kwenye kiti. Alama zikaporomoka, naye akanuna. Lakini hapo ndipo kiwiko kilipoanza kunyooka. Kwa hiyo ukimsindikiza mgonjwa, achana na skrini, tazama bega na kiwiko.

Sasa habari ambayo wauzaji hawaisemi. Uingereza walifanya utafiti mkubwa kwa watu 770, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019. Kundi moja lilitumia roboti dakika 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Mkono ulijongea vizuri kidogo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida, lakini katika kuutumia, yaani kushika, kuinua na kufanya kazi, hawakuwazidi. Mimi sikushangaa. Mume wangu alikuwa bingwa wa vidoti, akirudi nyumbani kikombe hakishiki.

Kilichosaidia zaidi kwetu ni ungo wa maharage. Nilimwekea mezani achambue kwa mkono mgonjwa, kidole gumba na cha shahada, moja baada ya jingine. Mwanzoni alinuna tena (kazi ya jikoni!), baadaye akawa anaudai ungo mwenyewe. Vidole visipojongea kabisa, weka taulo mezani, mkono mgonjwa juu yake, mzima uuongoze, afute meza mbele na nyuma. Afunge vifungo vya shati, ashike sabuni, afungue mfuniko wa sufuria. Kila siku, hata kama ni polepole kiasi cha kukukera. Msimfanyie.

Bega ndilo linaloharibiwa na mapenzi ya ndugu. Msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza, wala kumshika kwapani. Akikaa, mkono uegemezwe kwenye mto. Maumivu ya bega yakianza, mgonjwa hukataa mazoezi yote, na hapo mnapoteza miezi.

Kiwanja basi? Msiuze kwanza. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, msiipoteze kwenye viza na michango. Nendeni fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu, mwambieni mtaalamu awaandikie mazoezi ya nyumbani, myasimamie kwa zamu. Roboti inamfaa zaidi mtu ambaye mkono hauwezi hata kuanza kujongea peke yake, na akiipata kwa bei nafuu aitumie. Mkiamua kusafiri, bei isiwe swali la kwanza. Ulizeni mgonjwa atashika vitu halisi kwa muda gani kila siku akishafunguliwa mikanda, na nani atawafundisha ninyi mnaorudi naye nyumbani.